Mlinzi wa Mfereji wa Babu

Hapo zamani, katika kisiwa ambacho mtu hodari angekizunguka kwa siku mbili, na mvivu kama mimi kwa mwezi, alitawala Sultani Badawi. Babu yake alijenga mfereji wa mawe uliopita juu ya matao, kutoka chemchemi hata hamamu ya jumba. Kila mwaka kabla ya masika wanawake wa mtaani waliupanda, wakang'oa miche na kuziba nyufa kwa chokaa, wala hakuna aliyewatuma.

Basi Sultani akauonea fahari ukale wake, akapiga mbiu kwamba ni kumbukumbu ya babu, asiuguse yeyote. Mwaka ule Mize, mmoja wa wanawake hao, akaupanda kama ada, akang'oa mche wa mtini, akatiwa gerezani.

Mumewe, Ngwali, fukara aliyekuwa akisema mwenyewe kwamba siku ya kugawiwa akili alichelewa, akaenda kumwombea. Sultani akamwambia, "Mkeo atatoka mfereji ukiwa salama. Nawe utaulinda. Chochote kitakachougusa, kiwe na miguu au kisiwe nayo, kizuie. Ukikiacha, utamfuata mkeo."

"Ewallah, bwana wangu. Kukaa na kutazama ndiyo elimu yangu yote."

Ngwali akaenda chemchemini, akashusha lango la mbao, maji yakaenda zao bondeni. Ikawa Sultani yumo hamamuni, kajipaka sabuni tangu utosini hata nyayoni, maji yakakatika. Akatoka na shuka, amefumba macho, mlinzi akaitwa.

"Nani kazuia maji?"

"Mimi, bwana. Wanawake hawakuja, mbuzi hawakuja, ila maji yaliugusa mfereji mwanzo hata mwisho, bila haya. Nami mpumbavu wako sikusikia amri ikiyasamehe."

"Mfereji mkavu una faida gani?"

"Hilo waulizwe wenye akili. Mimi najua tu kwamba mizizi inapasua mawe, na mwenye kuing'oa umemfunga."

Sultani akaona haya. Kisha akasema, "Nilitafuta mpumbavu mmoja, kumbe tu wawili."

"Tu wawili, bwana, lakini mimi sina sabuni machoni."

Sultani akacheka, akaitangua mbiu, akaamuru lango lifunguliwe na Mize atolewe. Mize akatoka, wala hakumshukuru mtu. Akauliza tu nani atamchukulia karai la chokaa. Ngwali akamtazama Sultani, na watu wote wakamtazama Sultani, naye, mwili ungali ukimwasha kwa sabuni, akalibeba.