Jina la Kusukwa Kwenye Mkeka

Kaeni vizuri niwasimulie. Ila asilale mtu, kwa sababu mwisho wa habari hii mimi nitanyamaza, na mtakaoamua ni nyinyi.

Muheza walikuwapo watu watatu, na wa nne alikaa Tanga mjini, kila mmoja na kipaji chake. Hidaya alikuwa mwandishi wa kujitegemea: hana gazeti lililomwajiri, anaandika makala na kuzipeleka zinakopokewa, na maneno hayakumwishia kamwe. Shangazi yake, Bi Siti, alijua kuuliza bila kuona haya. Jirani yao Mbaruku alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Umwambiacho ndicho afanyacho, hapunguzi wala haongezi. Na yule wa Tanga, mhariri Kombo, alijua mahali hasa ambapo msomaji atapotea.

Mwaka huo nguruwe pori walimaliza mashamba ya vijiji vya jirani. Watu wakapanda muhogo mchungu, ambao nguruwe hawaupendi. Lakini watu walizoea mtamu, wa kuchimba na kutia chunguni, na mchungu una sumu. Watoto wakaanza kuugua. Hidaya akamhoji bwana shamba, akaandika makala ya kueleza namna ya kuitoa ile sumu, akaipeleka kwa Kombo, na kabla hata hajajibiwa akajipiga kifua mtaani: "Ijumaa mnunue gazeti!"

Mbaruku alinunua. Akalifunua barazani mbele ya watu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye matangazo ya vifo. "Hidaya, mbona sikuoni?" Haikuwa kejeli. Mbaruku hajui kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Hidaya zaidi. Akasema labda wiki ijayo, huku jibu la mhariri analo kwenye simu tangu asubuhi.

"Hidaya," Kombo alikuwa ameandika, "umeanza na ulimwengu wa sayansi na teknolojia, ukapitia utandawazi, na muhogo nimekutana nao aya ya tano. Mtoto anaumwa. Mama yake atafika lini aya ya tano? Siitoi hii. Andika upya."

Mwanzo ule Hidaya aliupenda. Shuleni mwalimu aliusoma mbele ya darasa zima, akapigiwa makofi. Sasa aliuona ukimtazama kwenye simu, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Kombo angeweza kuitoa makala ile kama ilivyo, ijaze nafasi tu. Hakufanya hivyo.

Hidaya akaipeleka kwa shangazi yake, aliyekuwa akichambua mchele. Akamsomea: "Ulowekaji wa zao husika unapaswa kuzingatiwa."

"Zao husika ndiyo nini?"

"Muhogo, shangazi."

"Basi si useme muhogo! Na anayezingatia ni nani?"

"Mpishi."

"Mimi ndiye mpishi. Sasa nifanye nini?"

"Uloweke."

"Ndiyo useme hivyo, mwanangu. Nimekaa hapa nadhani unamsomea mkuu wa mkoa."

Ikawa kila sentensi swali, na kila swali Hidaya anazidi kuinamisha kichwa, kwa sababu mara mbili aliulizwa maana ya maneno yake mwenyewe akaona hata yeye hayajui. Lakini makala ikapungua, ikabaki nyepesi. Akaona sasa ameweza.

Mbaruku akaichukua, akaenda nayo jikoni kwake. Akamenya kama ilivyoandikwa, akaloweka kama ilivyoandikwa. Siku Hidaya alipopita kumsalimu alimkuta ameshapika, ameshika kipande, anakipuliza kipoe.

"Maji uliyolowekea umeyamwaga wapi?"

"Nimepikia. Wapi umeniambia nimwage?"

Hidaya alikipiga kile kipande kikaanguka chini, akakipindua chungu chote uani. Kumwaga maji alikujua tangu siku ya bwana shamba. Hakukuandika kwa sababu aliona kila mtu anajua. Mbaruku akauliza kwa upole kama kuna alipokosea. Hidaya hakuweza kumtazama usoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliporudi nyumbani hakuonekana barazani tena mpaka alipomaliza. Alifuta kila alichokipenda. Ule mwanzo wa makofi aliufuta wa kwanza. Kikabaki hiki: "Muhogo mchungu una sumu. Umenye. Uloweke siku tatu. Maji yake yamwage, usiyapikie. Uanike mpaka ukauke kabisa." Na yaliyofuata yote yalikuwa hivyo hivyo. Kombo akaitoa bila kugusa neno. Zahanati wakaibandika ukutani, na kina mama wakawa wanasomeana. Watoto wakaacha kuugua.

Ndipo akaja barazani Bi Mwantumu, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, akawakuta Hidaya, shangazi na Mbaruku. "Tunasuka mkeka wa zahanati, wa kukalia wenye watoto. Tunataka jina la aliyetuokolea wanetu lisukwe katikati. Moja tu, maana nafasi ni ya jina moja. Tuambie, Hidaya."

"La Mbaruku," akasema Mbaruku. "Mimi nusura nife."

"La Siti," akasema shangazi. "Kulisoma sitaweza, ila nitalikalia."

Kombo alipopigiwa simu alicheka. "Miaka yote hii jina langu halijawahi kuandikwa popote," akasema, lakini hapo kicheko kilikuwa kimekwisha.

Wote wakamgeukia Hidaya. Kalamu ilikuwa yake, na shangazi akamwambia kwamba hata aibu ile yote aliimeza yeye peke yake. Jina lake lilifika mpaka kwenye ulimi. Hapo akakumbuka kile kipande cha muhogo mkononi mwa Mbaruku, na nani aliyekiweka pale, akalimeza tena.

Bi Mwantumu bado amekaa, anangoja. Miyaa, yale makuti ya kusukia mkeka, imeshatiwa rangi.

Haya, mimi nimenyamaza. Nyinyi mngempa jina la nani?