Miwani ya Mfupa ya Bwana Dubu

Hapo zamani za kale, tena sogeeni karibu maana ninakowapeleka ni baridi, kulikuwa na nchi juu kabisa ya dunia. Huko bahari yenyewe huganda ikawa sakafu, na wanyama hupita juu yake kwa miguu. Msinitazame hivyo! Kama hamsadiki, kamuulizeni Kicheche.

Kicheche wa huko si huyu wetu mwizi wa kuku. Yule alikuwa mweupe pe, mwembamba, na fundi hodari. Alishona viatu vya ngozi ya samaki kwa sindano ya mfupa aliyoachiwa na bibi yake. Uzi wake ulikuwa wa kano. Uzi huo ukilowa huvimba ukaziba tundu lililotobolewa na sindano, na maji hayaingii ng'o. Lakini sindano sharti iwe nyembamba. Tundu likiwa kubwa, kiatu hunywa maji.

Siku moja jirani yake, Bwana Dubu, aliingia bila hodi. Akala samaki wote, akacheua, bweuu! Kisha akaiona sindano.

"Nini hii?"

"Sindano yangu, mzee. Urithi wa bibi."

"Sindano wapi! Hiki ni kijiti cha kuchokolea meno." Akachokoa, choko, choko, akaenda nayo zake. Nani angemzuia, na kofi lake moja lingetosha kummaliza mtu na ukoo wake?

Kicheche alilia. Kweli alilia, maana majira ya joto yalikuwa mlangoni. Barafu ingeanza kupasuka, na kabla ya hapo ilimpasa kuwavusha wanawe waende nchi kavu, kwenye majani na mayai ya ndege. Na viatu vya wale watoto vilikuwa vimetoboka, vidole vyachungulia nje. Wangetokaje peku juu ya barafu?

"Mama, unalia?"

"Silii, wanangu. Nanoa bongo."

Sasa sikilizeni. Huko jua likipiga theluji, mwanga hurudi machoni ukachoma kama pilipili. Kwa hiyo wenyeji huchonga miwani ya mfupa isiyo na kioo, ila mwanya mwembamba wa kuchungulia. Mwanga huingia kidogo, macho yakasalimika. Dubu hakuwahi kuivaa. Yeye alizoea kulala mchana kutwa na kula vya wenzake.

Kicheche akaketi mlangoni kuchonga, kwaru, kwaru, kwaru! Akatengeneza miwani kadhaa yenye mwanya mwembamba. Moja akaichonga vingine: mwanya mpana kama mdomo wa chura, pembeni michoro ya samaki na ndege iliyopakwa masizi. Kazi nzuri hiyo, mtu angeweza kuikodolea macho asubuhi hadi jioni.

Dubu akapita, sindano mdomoni.

"Oho! Unachonga nini, wewe kidagaa?"

"Miwani, mzee. Chukua hii nyembamba, itakufaa."

"Na ile yenye samaki?"

Kicheche akaificha mgongoni haraka. "Hii? La, mzee, hii si yako. Hii ni ya wakubwa."

"Ya wakubwa?" Dubu akavimba. "Nani mkubwa kuliko mimi hapa?"

"Mzee wangu, nakuambia kweli, mwanya mwembamba ndio unaolinda macho..."

"Kimya! Mwembamba kwa wembamba! Lete hapa!"

"Basi, mzee, usije ukasema hukuambiwa."

Dubu akaivaa, akaenda akajikalisha juu ya kilima cha barafu, jua usoni. Akatazama huku, akatazama kule. "Naona dunia yote!" akanguruma. Shakwe aliyepita juu akacheka, kwe, kwe, kwe!

Haikupita muda macho yakaanza kuwasha. Kisha yakatiririka. Kisha, mama yangu wee, yakawa kama yamemwagiwa mchanga.

"Uuuwi! Kicheche! Kicheche wee! Nakufa macho!"

Kicheche akafika mbio, tutu, tutu, tutu. "Pole, mzee! Pole sana! Hayo macho dawa yake ni giza na baridi. Chimba shimo kwenye theluji, utie kichwa, na usikitoe mpaka nikuambie."

Dubu akachimba, puu, puu, akatumbukiza kichwa mpaka mabegani. Kilichobaki nje ni makalio tu, yameelekea mbinguni.

"Na mdomoni una nini, mzee? Kitakuchoma koo. Kiteme."

"Ptu!"

Sindano ikadondoka juu ya theluji. Kicheche akaidaka, akaibusu, akaingia kwake. Alishona, vuta, vuta, bila kuinua kichwa, na kila alipomaliza kiatu alikijaza maji kuona kama kinavuja. Hakikuvuja hata kimoja.

"Bado?" Dubu akauliza kutoka shimoni.

"Bado, mzee! Vumilia!"

Viatu vikaisha. Watoto wakavaa, wakaruka juu kwa furaha. Wakashika njia juu ya barafu, mama yao mbele, sindano ikiwa salama kwenye mfuko wake.

"Bado?"

"Baaado!" sauti ikajibu kwa mbali.

"Bado?"

"Baaa..."

Kisha kimya. Dubu akangoja, akangoja, makalio yakaanza kuganda. Alipochoka akakitoa kichwa. Kweli macho yalikuwa yamepoa, kwa hilo Kicheche hakumdanganya. Akafumba jicho moja, akafumbua jingine, akatazama baharini.

Kraaak! Barafu ilikuwa imepasuka, na katikati pamefunguka maji mapana. Ng'ambo ya pili aliona vidoti vyeupe vikiruka kwenye majani.

"Mwizi! Kijiti changu!"

"Sindano ya bibi!" ikarudi sauti nyembamba juu ya maji. "Na nimekuachia zawadi mlangoni kwangu!"

Dubu akaenda kuona. Pale mlangoni palikuwa na miwani ya mfupa, kipimo cha uso wake hasa, mwanya mwembamba kama uzi. Akaitazama kwa hasira. Kisha jua likamchoma tena, akaivaa upesi, akaenda kujitafutia samaki mwenyewe.

Nami hadithi yangu imeganda hapo hapo, mwenye jua na aiyeyushe. Ninyi shikeni hili: kipimo cha chombo ni kazi yake, si ukubwa wa anayekitaka.