Bunduki Iliyovuka Mlima kwa Vipande Vitatu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa tayari wana simu mifukoni lakini mvua bado inabeba barabara, palikuwa na mlima ulioitwa Vunje. Upande wa juu wa mlima kulikuwa na kijiji cha Ndorwe, kinacholima tangawizi. Upande wa chini kulikuwa na mji wenye kituo cha polisi. Katikati palikuwa na msitu wa hifadhi, na msitu ulikuwa na malango mawili, la juu na la chini.

Huko Ndorwe aliishi binti aitwaye Nanzia. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka ule, amesomea upimaji wa ardhi, na alikuwa mtu wa kupima jambo mara tatu kisha kulala macho akijiuliza kama kipimo cha kwanza hakikuwa ndicho sahihi. Baba yake alifariki, akaacha shamba, mjane, na bunduki moja fupi ya kufukuzia nguruwe mwitu. Kitako chake kilikunjwa ubavuni kama mkono wa mtu aliyelala. Ikikunjwa iliingia katika begi la mgongoni na zipu ikafunga.

Siku ya themanini na sita tangu mazishi, Nanzia alikuta kitabu cha leseni ndani ya kasha. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, uliandikwa hivi: mwenye silaha akifa, silaha irudishwe kituo ilikosajiliwa kabla jua la siku ya tisini halijatua, isiporudishwa, anayeishi katika nyumba ilimo atafungwa.

Aliyeishi katika nyumba ilimo alikuwa mama yake.

Nanzia akapiga simu kituoni.

"Ilete," sauti ikasema.

"Barabara imekatika, afande. Njia iliyobaki ni ya msituni."

"Msituni hairuhusiwi bunduki."

"Basi njooni nyinyi muichukue."

"Tuje kwa barabara gani?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ilete, dada. Ila usipite nayo msituni."

Alipiga mara nne. Mara ya nne yule afande aliijua sauti yake. "Ni wewe tena," alisema kwa upole. "Dada yangu, mimi sikuiandika hiyo sheria. Mimi nimeikuta."

Sheria ya msitu Nanzia aliijua, kila mtu wa Ndorwe aliijua, kwa kuwa iliandikwa kwenye ubao uliopigiliwa misumari langoni: Mtu yeyote asipite hapa akiwa amebeba bunduki. Atakayebeba atafungwa miezi sita, wala hatakanyaga tena hifadhi hii. Asiporudisha, mama anafungwa. Akirudisha, anafungwa mrudishaji. Nanzia alikaa jikoni akaacha uji ukaungua.

Baba yake mdogo, Kajiru, akamwambia, "Mwanangu, unasahau wewe ni mtu wa wapi. Ngoma ya ukoo wetu inavukaje mlima kila mwaka wa tambiko?"

"Inavuliwa," Nanzia akasema.

"Inavuliwa. Mmoja anabeba ngozi, mmoja anabeba mzinga, mmoja anabeba vijiti. Mlima hautaki ngoma ivuke. Basi ukiulizwa unasema kweli, sina ngoma."

Nanzia akaondoka na neno hilo. Akatafuta katika kanuni zote alizoweza kuzipata, ajue bunduki ni nini hasa mbele ya sheria. Akapata mstari mmoja: bunduki ni chombo chenye uwezo wa kufyatua risasi. Akausoma mara saba. Chombo chenye uwezo. Akachukua bunduki ya baba yake, akachomoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi iingie kwenye mtutu, ambacho pasipo hicho bunduki haifyatuki hata ukiilaani. Akakishika mkononi. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akasema, "Uwezo umetoka."

Siku ya tisini wakaondoka watatu, maana msitu hauingiwi bila mwongozaji. Mwongozaji alikuwa Nambike, mwanamke wa miaka arobaini aliyepandisha wageni Vunje tangu ujana wake, na aliyekula kwa kazi hiyo moja tu.

"Risasi tatu?" Nambike aliuliza alipopewa pochi. "Ndiyo mzigo wenyewe? Wageni hunibebesha viti."

"Nazo zimo kwenye leseni, lazima zirudi. Usizipe mtu, dada Nambike. Hata iweje zisikutane na vyuma hivi viwili."

"Nimekusikia, mwalimu," Nambike akamtania msomi huyo.

Wakapanga hivi: mtutu na kitako mgongoni kwa Kajiru, komeo begini mwa Nanzia, risasi kiunoni kwa Nambike.

Lango la juu lilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na safu iliyouliza, Umebeba nini? Nanzia hakutaka uongo, akawasimamia mmoja mmoja. Kajiru akaandika: chuma cha marehemu kaka yangu. Nambike akaandika: chakula, kamba, risasi tatu. Nanzia akaandika: komeo moja. Askari wa pale alikuwa anakula muwa. Akagonga muhuri bila kusoma, akawatakia safari njema.

Wakashuka. Mtutu mgongoni kwa Kajiru, komeo begini mwa Nanzia, risasi kiunoni kwa Nambike. Kila walipopumzika Nanzia aliuliza, "Kila mtu anacho chake?" na kila mara Nambike alijibu, "Changu kipo, mwalimu, hakijazaa." Kajiru alicheka. Nanzia hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama begi la Kajiru likigusana na begi lake ni kukutana au si kukutana, akawa anatembea hatua tano mbele yake, akizihesabu.

Saa nane mchana wakafika penye mianzi. Nambike alikuwa mbele, Nanzia katikati, Kajiru nyuma. Nambike akainua mkono ili wasimame, na mkono ulikuwa bado juu mianzi ilipopasuka, akatoka nyati dume, mmoja, mzee, ambaye kundi lilikuwa limemfukuza.

Nambike akajitupa nyuma ya gogo. Akiwa anaanguka alichomoa pochi kiunoni akairusha juu ya bega lake, ikapita juu ya kichwa cha Nanzia, ikatua miguuni pa Kajiru. Kajiru alikuwa ameshavua begi. Kitako kikafunguka. Risasi zikatoka. Akanyoosha mkono.

"Komeo, mwanangu."

Nanzia alikuwa nalo mkononi. Alikuwa ameshalitoa, hakumbuki alilitoa saa ngapi. Akalitazama. Akafikiri: likitoka hapa kwangu likafika pale kwake, ni chombo chenye uwezo.

"Nanzia. Komeo."

Akafikiri: miezi sita. Akafikiri: mama. Akatazama mkono wa baba yake mdogo, ukiwa umbali wa hatua tano ambazo alizipima mwenyewe.

Nyati akalipiga gogo, gogo likaruka, na Nambike akapiga ukelele mfupi kama mtu aliyeungua.

Hapo Nanzia akazivuka zile hatua tano, akampa komeo. Kajiru akalitia, akafyatua mara moja, na nyati akapiga magoti, akalala upande, pembe yake moja ikiwa juu ya mguu wa Nambike. Mguu ule ulikuwa umevunjika chini ya goti, na kisigino kilitazama kusikotakiwa.

Sasa sikieni walichofanya, maana ni hawa tu wangekifanya. Kajiru alikata mianzi miwili akaifunga kamba na kanga kuwa machela. Nanzia naye alichomoa komeo akalirudisha begini mwake. Akakunja kitako akairudisha bunduki begini mwa Kajiru. Akaokota pochi, ikiwa na risasi mbili zilizobaki, akaiweka kiganjani mwa Nambike aliyelala juu ya machela, akamfumba vidole. Nambike alimwangalia kwa muda mrefu.

Wakashuka hivyo. Mtutu mgongoni kwa Kajiru, komeo begini mwa Nanzia, risasi kiganjani mwa Nambike.

Lango la chini lilikuwa na askari aitwaye Mndeme, mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameusikia mlio wa risasi. Kabla ya neno lolote alimpa Nambike maji na kuita pikipiki ya kumpeleka hospitali. Kisha akafungua mabegi, akapanga vitu mezani. Akaita lango la juu kwa redio, akasomewa daftari neno kwa neno. Aliposikia "komeo moja" akafunga macho.

"Nani amepanga haya?"

"Mimi," Nanzia akasema, akamweleza habari ya siku ya tisini na ya mama yake.

Mndeme akatoa karatasi ya shtaka. "Bunduki ni moja," akasema. "Karatasi ni moja. Mstari wa jina ni mmoja. Kituo kiko hapo chini, jua bado liko juu ya kilima, na mimi mwenyewe nitaipeleka leo, mama yenu alale kwake. Lakini siwezi kupokea bunduki iliyotoka msituni bila jina la aliyeibeba. Nani amebeba bunduki?"

Kajiru akasema, "Afande, uliza kwanza nilibeba nini. Kutoka lango la juu hadi penye mianzi nilibeba kitu ambacho ningemtupia panya, angecheka. Kikawa bunduki mkononi mwangu kwa muda wa pumzi mbili, na katika pumzi hizo sikupiga hata hatua moja. Nilisimama. Ubao wenu umesema asipite mtu amebeba. Mimi niliifyatua bila kupita nayo."

"Uliifyatua," Mndeme akasema.

"Niliifyatua, na ningeifyatua tena. Andika kwamba nimeua nyati, nitaweka saini. Aliyebeba bunduki mtafute kwingine."

Nambike akasema kutoka kwenye machela, "Mimi nilibeba risasi, na nikaandika risasi. Bunduki ilipokuwa bunduki, mimi sikuwa na kitu mkononi wala kiunoni. Nilikuwa chini ya pembe."

"Risasi ulizirusha wewe," Kajiru akamwambia kwa sauti ya chini. "Tusifichane, Nambike. Uliambiwa hata iweje. Usingezirusha, nisingekuwa na cha kufyatua."

"Nisingezirusha ungemfyatulia nani, mzee wangu? Ungenizika." Akashika paja kwa maumivu. "Wewe ukitoka jela unarudi kwenye tangawizi yako. Mimi nikiandikwa hapo, sikanyagi tena msitu huu. Kwanza huu mguu, halafu na mlima."

Mndeme akamgeukia Nanzia.

Nanzia alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na sasa yalikuja kwa mpangilio mwingine. "Afande, mimi ndiye niliyesoma kanuni mara saba, kwamba bunduki ni chombo chenye uwezo wa kufyatua risasi. Mimi nilipanga. Wao walibeba nilichowapa. Lakini sheria yenu haina neno kwa aliyepanga, ina neno kwa aliyebeba, na mimi nilibeba kipande kimoja kidogo tu."

"Kipande chenye uwezo," Mndeme akasema. "Si ndivyo ulivyosoma? Popote lilipokuwa komeo, ndipo ilipokuwa bunduki."

"Ndivyo."

"Basi ni wewe."

"Labda. Lakini kama ni hivyo, nilipotoa komeo nikampa baba mdogo, nilimpa bunduki. Na nilipolishikilia..."

Nambike akammalizia. "Ulipolishikilia hapakuwa na bunduki. Sheria ilikuwa salama kabisa. Nililala pale nikiangalia miguu yako, mwalimu. Haikusogea. Mzee aliita mara mbili."

Kwa mbali pikipiki ilisikika ikipanda.

"Ungelitoa alipoita mara ya kwanza," Nambike akasema, "ningekuwa nimesimama hapa. Lakini hiyo nayo sijui imeandikwa kwenye sheria ipi."

"Ungekataa kabisa kulitoa," Kajiru akasema, "hapangekuwa na kosa la mtu yeyote. Ungekuwa msiba tu, na wote tungepita hapa na vyuma vyetu."

Mndeme akatazama jua. Lilikuwa limegusa kilima. Akatoa kalamu moja mfukoni, akaigeuza, akamnyooshea Nanzia upande wa kushikia.

"Mimi nimesoma hadi darasa la saba," akasema. "Ubao huu nimeulinda miaka kumi na moja na nilidhani ninauelewa. Wewe ndiye uliyesoma kanuni mara saba. Andika jina. Utakaloandika nitaligongea muhuri, sitauliza."

Nanzia akashika kalamu. Aliuona mstari, ulikuwa na urefu wa sentimita nane, akaupima kwa jicho bila kutaka. Jina la Kajiru lingeenea. Jina la Nambike lingeenea. Lake lingeenea na nafasi ikabaki. Alifikiri kuandika lake, kisha akajiuliza kama anaandika ukweli au anaunga tu mguu wa mtu kwa wino. Maana kuandika jina lisilo la aliyebeba ni uongo, na tangu lango la juu alikuwa hajaandika uongo hata mmoja.

Kivuli cha kilima kikafika mezani. Kikafunika mtutu, kikafunika pochi, kikalifikia komeo.

Mimi nimewafikisha hapo kwenye meza, na kalamu nawaachia. Kuna aliyebeba mtutu akafyatua. Kuna aliyebeba risasi, akazirusha ili aishi. Kuna aliyebeba komeo, akalishikilia muda mrefu mno kwa mguu wa mwenzake na mfupi mno kwa sheria. Jua halijatua bado, ila linatua, na mama yupo nyumbani anasubiri.

Je, nani alibeba bunduki?