Mwiko wa Bi Raya

Hapo zamani, huko Wete, palikuwa na mpishi wa halwa aitwaye Bi Raya. Kazi ilipomzidi, akaajiri watu watatu kwa siku moja: Mize, Faki na Shaame.

Mize aliuliza. “Bi Raya, samli inatiwa lini? Na halwa ya harusi, mbona zafarani nyingi?” Wateja wakamcheka: “Huyu kaja kupika au kuhoji?” Akauliza tena.

Faki hakuuliza neno. Alitazama mikono ya Bi Raya na kusikiliza sufuria.

Shaame alijaribu. Bi Raya akienda kuswali, yeye hubandika kisufuria chake. Akaunguza, akagombezwa, akasugua masizi siku mbili. Akabandika tena, mpaka akajua kuiokoa halwa inayoungua.

Ikaja harusi ya binti wa kadhi. Moto umeshawaka, Bi Raya akaitwa: binti yake mwenyewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Akajifunga kanga mbiombio.

“Pikeni, wanangu! Ikitoka nzuri, mmoja wenu nitampa mwiko wangu, awe mkuu wa jiko.”

Mize akataja vipimo vyote bila kukosea. Wakakoroga, jasho likawatiririka. Mara, harufu ya kuungua! Mize hakuwahi kuuliza hilo. Faki hakuwahi kuona Bi Raya akiunguza. Shaame akapiga kelele, “Msikwangue chini! Hamisheni ya juu!” Wakaihamishia sufuria nyingine, ikapona.

Mize akataka kuipua. Faki akafungua kinywa: “Bado.” Wakakoroga. “Bado.” Halwa ikaanza kulia pwacha, pwacha. “Sasa!”

Huko harusini ni vigelegele! Bwana harusi alilamba vidole mbele ya wakwe.

Bi Raya akarudi anacheka, kapata mjukuu wa kike. Akaonja, akafumba macho. “Haya, mwiko wa nani?”

“Wangu,” akasema Mize. “Bila maswali yangu, tungeanzia wapi? Na nilichekwa peke yangu.”

“Wangu,” akasema Shaame. “Nisingeunguza ile ndogo, leo ingeungua kubwa.”

“Na samli yangu uliyoiunguza?” Bi Raya akauliza. Shaame akainama.

“Wangu,” akasema Faki. “Wakati wa kuipua haupimwi kwa kibaba.”

Shaame akaruka. “Wewe! Siku ile kisufuria changu kinaungua, ulikuwa unatazama tu!”

“Hukuniuliza.”

Jiko zima likaangua kicheko, Bi Raya akacheka mpaka machozi. Akaunyanyua mwiko, akaupeleka kwa huyu, akaurudisha, akaupeleka kwa yule.

Mkono wake ungali hewani, jamani. Semeni nyinyi: kati ya Mize, Faki na Shaame, nani alistahili mwiko?