Waridi la Chafya Moja

Hapo zamani, mbuzi walipokuwa hawafungwi kamba na waume hawafungwi midomo, palikuwa na mji uitwao Mkadini, na mji huo ulikuwa na maradhi ya kufunga zawadi. Mwaka mmoja ungekuta kila kitu kimefungwa kwa jani la mgomba. Mwaka uliofuata jani limekuwa aibu, watu wanataka vikapu vya ukili vyenye kifuniko. Kisha ukaja mtindo wa kasha ndani ya kasha. Bwana mmoja alipelekewa yai ndani ya makasha saba. Akaanza kufungua, akafungua, akafungua, na alipolifikia yai akakuta kifaranga. Msicheke. Kasha la saba nimelishika kwa mkono huu.

Basi, Mkadini alikaa Faki na mkewe Mwanatumu, mwenye mimba ya miezi sita. Mwanatumu alikuwa na mwaridi mmoja uani, aliopandiwa na mama yake mwaka aliofariki. Faki alikuwa na mbuzi. Nikisema hivyo tu, nyinyi mmeshajua.

Mbuzi aliula mwaridi. Alikula majani, akala miba, akala maua, akabakiza ua moja la juu kabisa ambalo shingo yake haikulifikia. Mwanatumu alipotoka akasimama akitazama vijiti. Faki, badala ya kuomba radhi, akasema, "Mti tu huo, mke wangu. Na mbuzi naye ana roho."

Mwanatumu akaingia ndani. Alikunja nguo zake aende kwa kaka yake Makame, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mlangoni akageuka.

"Siku nitakayoliona ua la mama yangu, zima, kwa macho yangu haya, nitakaa na wewe. Kabla ya hapo usiniite mke."

Faki akabaki na ua moja. Na waridi likishakatwa, siku ya tatu limeinamisha kichwa.

Akakimbilia kwa Bi Mize, kizee aliyejua kukausha maua. Bi Mize aliosha mchanga, akaukaanga, akaupoza, akalifukia ua polepole kama anayefunika mtoto aliyelala. Siku saba. Lilipotoka lilikuwa jekundu vilevile, kila jani mahali pake, ila limekauka kama jivu la sigara lisilodondoshwa. Bi Mize akamwonya asilikoholee, asilichekee, wala asilisogelee na masharubu yale. Faki kwa furaha akamwambia, "Bi Mize, Mwanatumu akirudi, mtoto ataitwa jina lako."

Akaenda kwa Fundi Shaame, seremala. Shaame akachonga kasha la mninga, ndani akatandika sufi, akaweka kishikizo cha kubana kikonyo ili ua lisiguse ubavu wowote. Kifuniko kilibana hata maji hayapiti. Faki akamwambia, "Fundi, akirudi, mtoto ataitwa jina lako."

Akaenda kwa Kidawa, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua Mkadini ifunge zawadi kwa mtindo gani mwaka huo. Mwaka huo kasha lilifungwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara tisa, juu fundo lililofumuka kama waridi lenyewe, kisha linanyunyiziwa karafuu ya unga, ili pua ifurahi kabla ya jicho. Faki akalitazama fundo, machozi yakamlenga. Mtoto ataitwa nani? Kidawa.

Ahadi tatu, tumbo moja. Hesabu Faki hakusoma.

Akashika njia. Siku ya pili aliteleza kwenye mteremko akalikalia kasha, kwa uzito wake wote. Kasha halikulia. Faki ndiye aliyelia. Siku ya tatu akafika akichechemea, akamkuta Makame amesimama mlangoni. Makame alikuwa ameapa kwamba hakuna kitu cha Faki kitakachovuka kizingiti chake. Lakini mkewe, kwa nyuma, akaliona lile fundo. Alikuwa amezisikia habari za mafundo ya Kidawa tangu usichana wake. Akapitisha mkono chini ya kwapa la mumewe, akalichukua kasha.

"Umeapa wewe," akamwambia. "Mimi sikuapa."

Kasha likaingia hadi chumbani kwa Mwanatumu, na hapo mambo yakakwama. Maana kwa watu wale ni utovu wa adabu kufungua zawadi mgeni aliyeileta angali yupo. Mwanatumu hafungui mpaka Faki aondoke. Faki haondoki mpaka Mwanatumu afungue. Siku ya kwanza ikapita, Faki barazani anakula. Siku ya pili anakula. Siku ya tatu mke wa Makame akatoa sufuria nje, akampindulia aone tako lake, kwamba chakula kimekwisha.

Chumbani, Mwanatumu alikuwa akiligeuzageuza lile fundo bila kulifungua. Mwisho akasema kupitia pazia, "Twende Mkadini. Kule mimi si mgeni wala wewe si mgeni, nitalifungua."

Makame, aliyeapa, ndiye aliyewafungulia njia.

Walipofika, mji mzima ulijaa uani. Mwanatumu akafungua fundo, karafuu ikapaa. Akavuta kifuniko, kilibana, kilibana, kikafyatuka. Na waridi lile hapo, jekundu, zima, kama siku mama yake alipoliona la kwanza.

Alipata nafasi ya kusema, "Mama."

Kisha akapiga chafya.

Chafya moja. Hewani pakawa na unga mwekundu, na uliotua chini mbuzi akaulamba.

Hakuna aliyepumua. Faki alikuwa ameshaanza kutazama njia ya kwa Makame. Mwanatumu akafuta pua kwa upindo wa kanga, akasema, "Nimeliona," akaingia jikoni kukoka moto.

Miezi mitatu haijatimia, akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya jina, wakaingia watu watatu, kila mmoja kavaa nguo za sikukuu, kila mmoja anatabasamu kama mwenye siri.

Siri ilikufa walipokaa tu.

"Mwanamke alitaka ua zima, akaliona zima," Bi Mize alisema. "Ua nimelikausha mimi. Nyinyi mmebeba."

"Kavu kiasi cha kufa kwa chafya, bibi?" Kidawa akamuuliza.

"Chafya ya karafuu ya nani, mwanangu?"

Fundi Shaame akawaomba waangalie kwanza makalio ya Faki, wayapime kwa macho, kisha waseme ni kasha gani jingine lingepona. Na kama ni suala la mtoto wa kike, Mwanashaame ni jina zuri tu, tena linaimbika.

"Sawa," Kidawa akasema. "Lakini Mwanatumu ametembea siku tatu, na tumbo lile, kurudi kwa mumewe. Siku hizo tatu ua hajaliona. Kasha hajaliona. Alichokiona ni nini?"

Hapo hata Bi Mize aligeuka kumtazama Faki.

Faki akamtazama mbuzi, kana kwamba angemsaidia. Mwanatumu akamweka mtoto begani, akasema taratibu, "Aliyeupanda mwaridi hakuahidiwa kitu na mtu. Jina lake lilikuwa Sanura." Akaongeza kwamba nguo zake bado zina mikunjo ya safari ile, hazingemsumbua kukunja tena.

Swali hili niliwahi kulitupa kwenye karamu ya harusi. Watu waligombana hata pilau ikapoa, nikaila peke yangu. Leo nalitupa kwenu. Faki ametoa neno lake mara tatu mbele ya watu watatu, na mkewe anamtazama. Faki ameshamchukua mtoto, ameinama sikioni mwake, mdomo ameufungua.

Je, jina ni la nani?