Mbwa Aliyeutaka Mkeka wa Paka

Kulikuwa na wakati ambapo mnyama wa nyumbani hakujua kujikuna. Kiroboto alikuwa wa porini, akiishi katika manyoya ya panya buku, na nyumba ya mtu hakuijua.

Siku hizo Mbwa na Paka waliishi kwa mjane mmoja, Nyamizi. Mbwa alifukuza fisi na kulowa mvua barazani. Paka alikamata panya wake, kisha akasinzia karibu na jiko, juu ya kimkeka alichosukiwa na Nyamizi mwenyewe. Kila jioni, Nyamizi akishamaliza kusali, alimpapasa Paka kichwani. Mbwa alichungulia mlangoni. Mvua aliizoea, papaso lile ndilo lililomkata maini. Alijua kumwonea mwenzake kijicho ni dhambi, akamwomba Mungu amwondolee, lakini kila aliposikia Paka anakoroma kwa raha, sala ilimkaukia mdomoni.

Basi akamwendea Kiroboto, akamweleza kuna manyoya laini kuliko ya panya, na joto la jiko juu yake.

"Na wewe utapata nini, bwana mlinzi?" Kiroboto akauliza.

"Nitapata usingizi."

Kiroboto akacheka, akamwita mkewe. Mbwa akawabeba kwenye gome la mti, wasimguse, akawaachia kimkekani.

Tangu hapo Paka hakutulia. Alijikuna, aliruka, akaangusha chungu. Nyamizi alimwogesha, lakini kesho yake wadudu walikuwa walewale, na sasa miguu yake mwenyewe ilimwasha. Mwishowe akampeleka Paka akalale ghalani, akamwita Mbwa ndani. Alitaka kumtandikia gunia safi.

"Hapana, mama. Nipe kilekile cha Paka."

"Ngoja basi nikianike, baba. Kina wadudu."

"Usikianike. Usikikung'ute hata kidogo."

Alitaka kulala palepale mkono wa Nyamizi ulipokuwa ukifika, penye harufu ya kupendwa. Nyamizi akashangaa, akamwachia.

Mbwa alidhani viroboto wamekwenda ghalani na Paka; asichojua ni kwamba mke wa Kiroboto alikuwa ametaga kwenye nyuzi za mkeka na katika nyufa za sakafu. Joto la mwili wa Mbwa likawaamsha wana. Jioni Nyamizi akasali, akanyoosha mkono, akamgusa Mbwa kichwani kwa mara ya kwanza. Viroboto wakamrukia mkononi. Akauvuta mkono wake.

Mbwa akainamisha kichwa. "Mama, ni mimi niliyewaleta. Nilimwonea Paka wivu."

Nyamizi akachota maji. Alimwogesha, akamrudisha barazani. Akautoa mkeka, akaumwagia maji ya moto, akauanika. Akafagia nyufa zote, akakandika sakafu upya, ndipo akaenda ghalani kumwogesha Paka na kumrudisha ndani. Viroboto wengi walikufa. Wachache walikuwa wameshazama katika manyoya ya wote wawili, na hao hawakurudi porini tena.

Ndiyo sababu leo anayefuga mbwa au paka haishii kuosha mnyama tu. Huanika tandiko, hufagia pembe na nyufa, tena na tena, maana mayai yakibaki chini mateso huanza upya. Naye mbwa, ukimpapasa kichwani, hufumba macho kwa furaha, lakini haimalizi furaha hiyo: katikati yake huinua mguu wa nyuma, akajikuna.