Pumzi ya Mwatime Digidigi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wasengenyaji kama sisi, aliishi digidigi mmoja jina lake Mwatime. Mwili wake haukuzidi kikapu cha sokoni, na ndani ya kikapu hicho mlikuwa na ugonjwa wa pumu.

Ee, pumu! Vumbi likitimka kidogo tu, kifua kinaanza: fyuu! fyuu! Akicheza na wenzake, fyuu! Akicheka sana, fyuu! Siku moja ya kiangazi alianguka mlangoni kwao, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mama yake akapiga yowe akidhani amekwisha.

Aliyefika mbio ni jirani yao, Bi Nungunungu, mganga wa majani. Akamketisha mtoto wima, akamnywesha dawa ya moto kidogo kidogo.

"Usiigombanie pumzi, mjukuu wangu," akamwambia. "Ivute kwa pua, hesabu mbili. Itoe kwa mdomo, hesabu nne. Kama unapoza uji. Haya."

Mwatime akavuta, akatoa. Akavuta, akatoa. Rangi ikamrudia.

"Atapona, bibi?" mama akauliza huku machozi yanamtoka.

"Pumu ni mpangaji mkaidi, hafukuzwi kwa siku moja. Lakini mtoto huyu anaweza kumzoea, akajua mpangaji huyo huamka saa ngapi na hukasirishwa na nini."

Basi Mwatime akajifunza. Mwaka wa kwanza alitembea tu. Mwaka wa pili akakimbia mbio za kuku, hatua kumi kisha kituo. Mwaka wa tatu akawa anakimbia kila asubuhi umande ungali chini, kabla vumbi halijaamka. Fyuu ikija, anapunguza mwendo. Ikiondoka, anaongeza. Wenzake walimcheka, naye alikuwa hana pumzi ya kuwajibu.

Sasa, kila mwaka palikuwa na mbio za Kilima Mawe, mizunguko mitatu ya kupanda na kushuka. Ukoo wa mshindi ndio uliokunywa kwanza kisimani mwaka mzima. Akina digidigi tangu na tangu walikunywa mwisho kabisa, na kilichobaki kilikuwa tope. Mwatime akaenda kujiandikisha uwanjani, mbele ya wanyama wote.

"Nani?" alinguruma Bwana Nyati, mwenyekiti wa mbio. "Wewe wa fyuu-fyuu? Hapana! Sheria ni kwamba mwenye kifua kibovu hakimbii!"

"Mwacheni aje kutushangilia," akasema Kongoni, bingwa wa miaka minne. Wakubwa wote wakacheka: kwa! kwa! kwa!

Moyo wa Mwatime ulimchoma kama pilipili. Lakini aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Sheria yako ni nzuri, naiunga mkono. Ila mtajuaje nani mzima na nani mgonjwa? Labda yuko mwingine anayeficha."

"Mwingine nani?"

"Sijui, mzee wangu. Ndiyo maana nasema tupimwe. Kila mmoja apande hadi lile jiwe la juu, kisha ataje jina lake, la baba yake na la babu yake kwa pumzi moja. Atakayekatikia njiani, huyo ni mgonjwa. Mimi nitapanda polepole, mwishoni. Ninyi mashujaa najua mtapanda kwa kishindo."

Neno "mashujaa" likawaingia kama asali.

"Hilo tu?" akasema Kongoni. "Nitazameni!"

Puruu! Akapaa kilimani kama mshale. Alipofika juu akafungua mdomo: "Mimi ni Kongo... hhe! Kongoni, mwana wa... hhe! hhe!"

Wanyama chini wakaguna. Punda Milia akamfuata kwa mateke na vumbi, akafika, akataja jina lake nusu, akaketi. Bwana Nyati mwenyewe, kwa kutaka kuonyesha mfano, akapanda gidi! gidi! gidi! "Mimi Nya..." akaanza, kisha hoo! hoo! kama mvukuto wa mhunzi.

Wakimbiaji wengine nao wakapanda, wote wakakatikia njiani. Ndipo Mwatime akapanda. Mbili puani, nne mdomoni. Tepe, tepe, tepe. Akasimama juu ya jiwe, akasema kwa sauti iliyofika hadi bondeni:

"Mimi ni Mwatime, binti Mbaruku, mjukuu wa Tsuma, digidigi wa Kilima Mawe, nami nina pumu!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa vicheko na makofi.

"Mwenyekiti," akasema Mwatime, "sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Leo imewakata mabingwa wote, nimebaki peke yangu. Nitwae ushindi?"

Bwana Nyati akatazama chini. "Ni haki yako," akasema kwa shida.

"Siutaki hivyo. Ifuteni sheria. Pumzikeni leo, kesho tukimbie sote."

Sheria ikafutwa palepale.

Kesho yake ngoma ikalia, ti! Kongoni akafyatuka, wengine nyuma yake, Mwatime mkiani. Mzunguko wa kwanza akawa wa mwisho. Mzunguko wa pili akawapita watano waliochoka. Akiwa katikati ya mzunguko wa tatu, vumbi la Punda Milia likampiga usoni. Fyuu!

"Ameanza!" mama yake akalia. "Mwanangu, rudi!"

Mwatime hakurudi, wala hakushindana na kifua chake. Alipunguza mwendo hadi ukawa wa kutembea. Waliochoka wakampita tena, mmoja, wawili, watatu. Mbili puani. Nne mdomoni. Fyuu ikawa nyembamba, ikanyamaza. Hapo akaachia miguu.

Katika mteremko wa mwisho Kongoni alikuwa amelegea, ulimi nje. Alisikia tepe-tepe-tepe, akageuka, akaona kumbe ni kile kikapu cha sokoni kinampita!

"Digidigi! Digidigi!" uwanja ukanguruma. Mwatime akakata utepe wa ukindu kwa pua yake ndogo.

Bwana Nyati akaleta shada la maua. Lilifumwa kwa shingo za wakubwa, hivyo alipomvika likateleza hadi chini, Mwatime akabaki amesimama katikati yake kama kifaranga kiotani. Nyati mwenyewe akacheka, kisha akapiga goti mbele ya wote.

"Nilikuita mgonjwa nikadhani nimekumaliza," akasema. "Wanyama wa Kilima Mawe, mtazameni bingwa wetu!"

Kongoni ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mwatime akamwita Bi Nungunungu asimame naye ndani ya shada, na mama yake akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Siku hiyo, watoto wangu, akina digidigi walitangulia kisimani, wakanywa maji maangavu, wakaziona nyuso zao ndani yake.

Usimpime mtu kwa ugonjwa wake. Mpime kwa jinsi anavyouvuka.